Sidiria ikutoshe wewe, si wewe uitoshe

Dadangu wa Silanga, wewe na kifua chako hamna kesi ya kujibu. Mwenye matiti madogo huitwa ubao. Mwenye makubwa huambiwa ajifunike, hata akiwa ndani ya sweta. Ukifuata maneno ya mtaa, hakuna saizi itakayokupa amani.

Mara nyingi shida si mwili, ni sidiria. Pale Toi Market unachagua kwenye rundo la mtumba kwa macho tu. Ukifika nyumbani, kamba zikikata mabega au vikombe vikibaki na nafasi, unajilaumu. Kumbe saizi ni hesabu. Azima tepi ya fundi wa nguo. Pima inchi chini ya matiti: hiyo ndiyo nambari, kama 34. Kisha pima pale yalipojaa zaidi. Tofauti ya inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Anzia hapo, halafu ijaribu. Mkanda wa kifuani ndio unaobeba uzito, si kamba za mabega. Ukipanda mgongoni, umelegea.

Na usingoje kunenepa, kukonda au kupata mpenzi ndipo ununue ile nyekundu yenye lesi. Jinunulie inayokutosha leo, hata kama hakuna atakayeiona. Ukienda steji bila kuvuta kamba kila hatua, mgongo utanyooka wenyewe. Wenye maneno waache waseme, wao hawaivai.