Ganda la Risasi Si Skrepa Tu

Ganda la risasi la kawaida lina asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Likipondwa, huuzwa kwa kilo kwa bei ya skrepa. Likibaki zima, hutiwa fataki mpya, baruti na kichwa, likarudi sokoni kwa bei nzuri zaidi.

Machi 2009, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliamuru maganda ya viwanja vyake vya shabaha yaharibiwe kabla ya kuuzwa. Wajazaji wadogo wangekosa malighafi. Maseneta Max Baucus na Jon Tester wa Montana walipinga. Amri ikafutwa baada ya siku chache.

Mfanyabiashara achague kwanza, aponde baadaye. Ganda zima lina wanunuzi wawili; lililopondwa lina mmoja.