Kupe Hang'olewi kwa Mafuta ya Taa

Kupe anapoonekana amejikita kwenye ngozi ya mtu, tiba ya kwanza majumbani huwa ni mafuta ya taa au njiti ya kiberiti iliyozimwa punde, ili aachie mwenyewe. Kasoro ya mbinu hizo ni muda. Kupe hana haraka. Amejigandisha kwa ute unaokauka mithili ya saruji, na kadiri anavyoachwa akinyonya ndivyo vimelea vinavyopata nafasi ya kupita. Akichomwa, huweza kutema mate yake ndani ya jeraha.

Kinachohitajika ni kibano chenye ncha nyembamba. Kupe ashikwe karibu kabisa na ngozi, si tumboni, kisha avutwe taratibu moja kwa moja bila kuzungushwa. Mdomo ukikatikia ndani na usitoke kwa urahisi, uachwe. Ngozi itausukuma nje, ilhali kuchokonoa kwa sindano huleta usaha. Jeraha na mikono vioshwe kwa sabuni. Wala kupe asipasuliwe kwa kucha, kama ilivyozoeleka mazizini, kwani majimaji yake yaweza kubeba homa ya Krimea na Kongo, ambayo Uganda imekwisha kuishuhudia.

Hayo ni ya dakika moja. Lililo zito ni wiki mbili zinazofuata, na hapo lawama iwaelekee wahudumu wa afya kuliko wagonjwa. Mtu hufika zahanati ana homa na maumivu ya kichwa, kipimo cha malaria hakioneshi kitu, naye huondoka na vidonge vya kutuliza maumivu. Ni nadra kuulizwa kama aling'oa kupe siku za karibuni, na nadra zaidi kukaguliwa kinenani au nyuma ya goti, mahali panapojificha kidonda chenye kigaga cheusi, alama ya homa ya kupe ya Afrika. Ugonjwa huo hutibika kwa doksisaiklini.

Kwa papasi hakuna hata cha kung'oa: huuma usiku na kurejea kwenye nyufa za sakafu kabla ya mapambazuko. Hapo swali ni mgonjwa alilala wapi. Vimelea vya homa ya papasi huonekana kwenye slaidi ileile ya damu inayotumika kutafuta malaria, mgonjwa akiwa na homa. Kipimo cha haraka, ambacho sasa kimechukua nafasi ya hadubini katika zahanati nyingi, hakivioni kabisa.