Springi Sio Nywele, Acheni Kuzikata

Wasee, huu ujinga umezidi. Mtu ananunua Demio, wiki ya pili fundi ameshika grainda anakata springi ndio gari ilale chini. Eti sasa inashika kona vizuri. Kona gani, na kila tuta la estate linakuvunja kiuno?

Springi ndiyo hubeba uzito wa gari. Shoki kazi yake ni kuituliza isiendelee kudunda. Ukikata springi, shoki inabaki na nafasi ndogo ya kusonga, kila shimo inafika mwisho, na inakufa mapema. Ukikata na moto ndio umemaliza kabisa, chuma inapoteza nguvu yake. Na tairi inayodunda haigusi lami, sasa utapiga breki na nini? Mtoto akiruka barabarani mbele yako, hiyo picha yako ya Instagram haitasimamisha gari.

Alafu ni hao hao wana doo ya rimu na spika, na shoki za nyuma zinavuja mafuta tangu gari itoke bandarini Mombasa! Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachilie. Ikidunda zaidi ya mara mbili, shoki imeisha. Nunua mbili, ya kushoto na ya kulia, na fundi aangalie bushi pia.

Unataka gari ya chini? Kuna springi fupi zilizotengenezwa hivyo, na shoki zake. Ni ghali, najua. Huna doo, ngoja.

Lakini mimi hiyo yako iliyokatwa siingii, hata lifti ikiwa ya bure. Nitapanda mat.