Kondomu ikipasuka Ijumaa usiku: je, dawa iko karibu kiasi gani?

Kondomu imepasuka. Ni Ijumaa, saa nne usiku. Zahanati ya kijiji imefungwa tangu alasiri, kituo cha afya kiko mbali, na wawili hawa hawajui waanze na lipi: hofu ya Ukimwi, hofu ya mimba, au aibu ya kumweleza muuguzi anayewafahamu.

Kwanza, kondomu kupasuka haimaanishi kwamba umeshaambukizwa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba mwanamke anayefanya ngono ya kawaida bila kinga na mwanamume mwenye virusi asiyetumia dawa anaweza kuambukizwa mara 8 hivi katika kila matendo 10,000. Kwa mwanamume ni pungufu ya hapo. Hatari huongezeka iwapo mmoja ana vidonda sehemu za siri au ugonjwa mwingine wa zinaa, au iwapo mwenye virusi ameambukizwa karibuni. Na kama mwenzako ana virusi lakini anameza dawa vizuri, na vipimo vya damu vinaonyesha virusi vimefubazwa kabisa, hakuambukizi kwa njia ya ngono.

Hata hivyo, hatari ndogo bado ni hatari, na hapa ndipo saa zinapohesabiwa.

Saa 72, na saa 120

Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya tukio huitwa PEP. Ni lazima ianze kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatisha. Kabla ya kupewa, utapimwa, kwa kuwa PEP ni ya mtu ambaye bado hana virusi. Utarudi kupimwa tena baada ya wiki 4 hadi 6, kisha baada ya miezi 3.

Kwa mimba, vidonge vya dharura, ambavyo wengi wanaviita P2, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 3, ingawa vinaweza kusaidia hadi saa 120. Vinachelewesha yai kutoka. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haviharibu uzazi. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, rudia dozi. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kwa uhakika mkubwa zaidi. Lakini kumbuka: P2 haizuii Ukimwi, na PEP haizuii mimba.

Kwa wawili wetu wa Ijumaa saa nne usiku, muda wa PEP unaisha Jumatatu saa nne usiku. Wakisubiri zahanati ifunguliwe Jumatatu asubuhi, wamekwisha poteza zaidi ya nusu ya muda huo. Ni afadhali kwenda Jumamosi alfajiri kwenye hospitali yenye huduma ya dharura. Usijisafishe ukeni kwa sabuni, ndimu wala soda. Haisaidii, na inaweza kuchubua ngozi na kuongeza hatari.

Tatizo si dawa pekee

Julai 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya likitaka PEP itolewe pia katika jamii, na wafamasia pamoja na wahudumu wa afya ya jamii waruhusiwe kuitoa. Sababu ni ile ile inayojulikana kijijini: dawa inayohesabiwa kwa saa haiwezi kungoja daktari aliye wilayani.

Miezi 6 baadaye, Januari 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Mpango wake wa Ukimwi, PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, ndio uliokuwa ukilipia sehemu kubwa ya kinga na matibabu katika nchi zetu. Nchini Kenya, baadhi ya vituo vilivyokuwa na faragha vilifungwa, na wagonjwa wakaelekezwa kwenye foleni ya kawaida ya hospitali. Kwa mtu wa mjini hilo ni usumbufu. Kwa binti wa kijijini, ambaye kwenye foleni hiyo atakutana na shangazi yake na mwalimu wake, linaweza kuwa sababu ya kubaki nyumbani hadi saa 72 zipite.

Kwa hiyo swali la kuwauliza viongozi wetu si kama nchi ina PEP, bali kama zahanati ya kata inayo, na kama kuna mtu wa kuitoa Jumapili.

Usingoje ajali

Piga simu leo, au uliza ukiwa kliniki kwa shughuli nyingine: PEP inapatikana wapi hapa karibu, na mwisho wa wiki nani yuko zamu? Kagua tarehe kwenye pakiti ya kondomu, usiiweke kwenye pochi wala juani, usivae mbili kwa pamoja, na usipake mafuta ya nazi wala ya mgando, kwani yanadhoofisha mpira.

Baada ya tukio, ukiona usaha, vidonda au maumivu wakati wa kukojoa, rudi kituoni. Kisonono, klamidia na kaswende vinatibika. Huna haja ya kusimulia mengi mlangoni. Sema tu: "Kondomu imepasuka, naomba kuonana na mhudumu faraghani."