Picha ya mateka ni sehemu ya mateso yake

Ndugu zetu Waislamu, vita vya zama hizi havipiganwi kwa risasi peke yake. Vinapiganwa kwa picha pia. Anayeumizwa zaidi na picha hizo ni mateka, aliyekwisha kunyang'anywa silaha na asiyeweza hata kuuficha uso wake.

Aprili 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha picha za wafungwa wa Kiiraki katika gereza la Abu Ghraib, wakiwa uchi, wamerundikwa, na askari wakitabasamu kando yao. Picha zile walizipiga walinzi wenyewe, wala hawakukusudia kufichua dhulma. Kamera ilikuwa chombo cha kudhalilisha, sawa na mbwa waliotumika kuwatisha.

Mwezi uliofuata, kundi la Abu Musab al-Zarqawi lilimchinja mbele ya kamera Mmarekani Nicholas Berg, aliyevishwa nguo ya rangi ya chungwa, likidai kuwa ni kisasi cha Abu Ghraib. Berg alikuwa raia, wala hakuwa mlinzi wa gereza lile. Mwaka 2014 Daesh nao wakawavisha mateka rangi hiyo hiyo, iliyojulikana duniani kwa picha za Guantanamo za mwaka 2002. Februari 2015 wakasambaza mkanda wa rubani wa Jordan, Muadh al-Kasasbeh, Mwislamu, akichomwa moto ndani ya kizimba.

Wapo wanaoita hayo kisasi cha haki. Sisi tunasema kwamba anayeiga vazi na kamera ya dhalimu hakumpinga, bali amekuwa mwanafunzi wake.

Mwalimu wetu ni mwingine. Baada ya vita vya Badr, Mtume (S.A.W.) aliusia mateka watendewe wema. Abu Aziz bin Umayr, aliyetekwa siku ile, alisimulia kuwa Ansari walimpa yeye mkate, wao wakala tende. Wanahistoria wa Sira wanaeleza kuwa Umar (R.A.) aliomba kumng'oa meno Suhayl bin Amr, msemaji hodari dhidi ya Uislamu, na Mtume akakataa. Suhayl baadaye alisilimu. Mtume alikataza pia kuadhibu kwa moto, na Suratul Insan inawasifu wanaomlisha mateka. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 nao unaamuru mateka wa vita alindwe dhidi ya matusi na macho ya watu.

Wazazi wenzetu, mikanda hii imetengenezwa ili itazamwe. Mtesaji hawezi kuikamilisha kazi yake bila macho yetu na simu zetu. Picha inayopelekwa kwa mahakimu ni ushahidi. Ile inayorushwa kutoka simu hadi simu kwa kushangilia ni kumdhalilisha mateka mara ya pili. Basi ikifika nyumbani, awe mateka ni ndugu yetu au adui yetu, iishie hapo. Tuifute, kisha tukae na watoto tuwaeleze kwa nini.

Wabillahi tawfiq.