Barua ya wazi kuhusu ekeri isiyo na pembe mraba

Kwa Mkurugenzi wa ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini Kongo

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Musienene, karibu na Butembo. Najua kazi zako ni nyingi, na najua pia kwamba malipo ya ukaguzi hukusanywa hadi franga ya mwisho. Katika hilo ofisi yako haina mpinzani. Ninachouliza ni nini hasa kilikaguliwa. Ekeri iliyoniharibia mbao za kabati zima, yaani kifaa cha kupimia pembe mraba, iliuzwa Butembo, dukani, mchana kweupe, baada ya kuvuka mpaka kihalali pamoja na shehena yake. Ina rangi nzuri, ina vipimo vilivyochorwa vizuri, ila pembe mraba haina. Ningependa kumfahamu mkaguzi aliyeridhika nayo.

Hasara ya mbao nimeimeza. Isiyomezeka ni nyingine. Fundi mzoefu akiona kiungo hakikutani, hugeuza ekeri, huijua, huitupa. Lakini vifaa hivi vya bei ya chini huwavuta hasa wasio mafundi: mwalimu anayetaka kujitengenezea rafu jioni, muuguzi, mwanafunzi anayejaribu kuunda kiti wakati wa likizo. Hao hawana cha kulinganishia. Mstari ukienda kombo wanalaumu mkono wao. Patasi ikikataa kukata wanalaumu mkono wao. Wanaacha, na wanaacha wakiamini hawakuzaliwa na kipaji, hapa kwetu ambako mikaratusi imezunguka kila kilima na mbao hazijawahi kuwa za kutafuta.

Usiniambie kwamba ubora wa kifaa ni siri ya maabara. Ekeri hupimwa kwa ubao ulionyooka na kalamu: chora mstari, igeuze ekeri, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, kosa la ekeri ni nusu ya nafasi iliyo kati yake. Patasi hupimwa kwa tupa: tupa ikiuma ncha yake kama inavyouma msumari, chuma hakikukomazwa, hata kama ubavuni pameandikwa »chrome vanadium«. Futi ya chuma yenye ndoano inayocheza kidogo, ambayo wengi huirudisha dukani, kwa kawaida ni nzima. Ndoano imeachwa isogee kwa unene wake ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Disko ya kukatia chuma yenye kipenyo cha milimita 115 inapaswa kuonyesha kasi yake ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni mizunguko 13,300 hivi kwa dakika, pamoja na tarehe ya kuisha muda wake. Isiyo na maandishi hayo haistahili kukaribia jicho la mtu. Vipimo hivi vyote vinatosha kwenye meza moja mpakani.

Mtasema bei ya chini huleta ubora wa chini, na mnunuzi angeangalia mwenyewe. Lakini nyundo ya bei ya chini hufanya kazi, vibano vya bei ya chini hufanya kazi. Bei peke yake haipimi kitu. Viwanda vya China hutengeneza kwa agizo: anayetaka ekeri iliyopimwa huipata, na anayetaka kitu kinachofanana na ekeri naye huhudumiwa. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea Dubai na Guangzhou tangu zamani, wanaijua tofauti hiyo kuliko mimi, na wataagiza nzuri siku watakapojua kwamba mbaya itarudishwa. Mnunuzi naye ataangaliaje, wakati kifaa kimefungwa ndani ya plastiki na anaambiwa ukifungua umenunua? Wengine watasema mkoa wetu uko vitani, na habari za ekeri ni anasa. Mbona vita havijawahi kuwa sababu ya kutotoza?

Na msitegemee majirani. Tangu 2005 Kenya hudai bidhaa zikaguliwe katika nchi zinakotoka, na ina kibandiko chenye namba ambayo mnunuzi huihakiki kwa simu. Vibandiko vya bandia vipo, nakubali, lakini mnunuzi ana pa kuanzia. Kontena letu likishuka Mombasa hupita Kenya na Uganda kama mzigo wa safari tu. Ukaguzi wao si wetu. Likifika mpakani Kasindi, jicho linalobaki ni la Kongo, na ndilo la mwisho. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na huku Musienene mnunuzi bado hana hata namba ya kupiga.

Na kama ekeri, ambayo kosa lake huonekana kwa macho, inapita, nani atanituliza kuhusu waya za umeme, nondo na dawa, ambazo kosa lake hujificha? Hapo hakuna mkono wa kulaumu isipokuwa wenu.

Ninaomba mambo mawili. Chukueni vifaa vichache katika kila shehena, vipimeni kwa njia nilizotaja, na majina ya chapa zilizoshindwa yabandikwe sokoni Butembo kwa Kiswahili na Kinande. Kisha amuruni maduka yamruhusu mnunuzi kufungua na kupima kabla ya kulipa. Ekeri yangu ninayo bado. Mkaguzi wako akiihitaji kwa mafunzo, nitamwazima bila malipo.

Mnunuzi wa Musienene