Nani Aliyemuua Rosa?



Wapendwa, wapo miongoni mwetu, hapa Korogwe na kule Handeni, wanaomwacha kijana akeshe mbele ya runinga akitazama Prison Break, lakini wakimwona na Rosa Mistika mkononi humnyang'anya, eti ni kitabu kichafu. Nasema wazi: kipimo chao kimepinda.

Tamthilia hiyo ya Marekani, iliyoanza kurushwa mwaka 2005, nimeitazama. Inavutia, sikatai. Michael Scofield anavamia benki kwa makusudi ili afungwe gereza moja na kaka yake, Lincoln Burrows, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji asiyoyatenda, kisha amtoroshe. Ni upendo wa ndugu, na kweli upo. Lakini hesabuni wanaokufa njiani, askari na wafungwa na raia. Nani anawalilia? Sehemu inayofuata ikianza, tumekwisha kuwasahau. Hata T-Bag, mbakaji na muuaji, tunajikuta tukimcheka kama mchekeshaji wa harusini.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi na kufariki mwaka 2020, hakutupa starehe hiyo. Riwaya yake ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Jina lake ni lile tunalomwitia Mama Maria katika Litania, Waridi lenye fumbo, na hilo peke yake huwakwaza baadhi yenu. Someni kwanza! Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa bila huruma kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua hana alichofundishwa juu ya wanaume ila woga. Akiwa chuoni Morogoro anapotea. Mwishowe mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua.

Humo hamna mpelelezi. Aliyeua ni nani basi? Baba? Mchumba? Wale waliomtumia wakaenda zao? Naamini hilo ndilo linalowaudhi wazazi, wala si uchafu: kitabu kinawapandisha kizimbani.

Nanyi akina baba, tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu binti aliyejifungua kurudi shuleni. Shule imefungua mlango. Nyumbani kwako je? Mnauliza kwa ukali kama binti ameharibika, ila kijana wenu hamumwulizi amelala wapi.

Nakala moja ninayo ofisini. Atakaye aje aazime, ila wazazi watangulie.